Jina Langu Lilikwenda Dar es Salaam

Mtu akikwambia kwamba Mheshimiwa Hamad Msabah alizaliwa na ulimi wa hotuba, mwambie Mwanakheri binti Usi wa Kikwajuni kasema ni uongo mtupu. Mimi ndiye mke wake mkubwa. Namjua tangu akiziba pancha kwenye baraza ya watu kule Mlandege, mikono imejaa gundi, na mteja akimuuliza bei yeye anainama kama mwari aliyejiwa na wageni. Biashara ilikuwa inamfia mkononi kwa sababu ya haya. Mtu anakuja kukodi baisikeli, anaondoka nayo hata hawajapatana, na Hamad anamsindikiza kwa macho.

Nikaingia kazini mwenyewe. Nikawa nakaa nyuma ya pazia la duka nasikiliza, kisha jioni namfundisha maneno ya kumwambia mteja asubuhi. Usimwambie tairi ni zuri, namwambia, kila muuzaji husema hivyo. Mwambie tairi kama hili limempeleka fulani Makunduchi na kumrudisha, na huyo fulani umtaje kwa jina. Maneno yakauza. Baraza ikawa duka, dukani zikaning'inia baisikeli mpya, na nilipotoa mikufu yangu ya harusi ikauzwa, tukapata gari la abiria, lile la bodi ya mbao, likawa linakwenda Bububu na kurudi.

Gari hilo ndilo lililomleta Tabia. Alikuwa binti wa Maalim Borafya, mwalimu wa chuoni huko Bububu, akija mjini na kapu la ndimu na kukaa kiti cha mbele karibu na tajiri wa gari, mume wangu. Mimi sikuambiwa mpaka ndoa ilipokwisha kufungwa. Kwa hiyo mikufu yangu ndiyo iliyoniletea mke mwenza, na mpaka leo nikisikia honi ya gari la Bububu moyo unanipanda. Wivu ninao, sikatai. Asiyekuwa na wivu ni yule asiyekuwa na kitu cha kuibiwa.

Hamad akagawa siku, mbili kwangu na mbili Bububu kwa mwenzangu. Tabia alikuwa mdogo, mzuri, na sauti yake ya chini ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Nilikuwa nikikaa usiku wa zamu yake naona kitanda chao kana kwamba kimewekwa chumbani kwangu. Jambo moja tu lilinipoza. Aende Bububu akalale, lakini maneno yake yako Kikwajuni. Hakuna alilouza wala alilonunua ambalo hakulileta kwanza jikoni kwangu.

Yalipopita Mapinduzi, na nchi ikaungana na Tanganyika, Hamad alikuwa mtu wa kutegemewa na tawi. Baisikeli zake ndizo zilizokuwa zikiwabeba vijana wa chama kwenda mashamba, naye hakuwahi kumdai mtu. Mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mbunge katika Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dar es Salaam. Mtaa mzima ukaja kunipongeza, nikapeana mikono mpaka bega likaniuma. Yeye mwenyewe alikuwa ndani kajifunika shuka, anaumwa na tumbo.

"Mwanakheri, ntasema nini mie mbele ya watu wale?"

"Utasema ntakayokwambia. Inuka."

Tukafanya Bunge jikoni. Mimi nilikaa kwenye mbuzi nikikuna nazi, na hapo hapo nikawa Spika. Yeye alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, "Mheshimiwa Spika," sauti inatetemeka. Alitaka kusema juu ya ushuru wa mipira ya baisikeli, maana ulikuwa umepanda na mipira imeadimika. Akaanza na sheria na vifungu vya sheria. Nikamrushia kifuu.

"Nani atakusikiliza hayo? Anza na mchuuzi wa samaki wa Chwaka. Katoka alfajiri na tenga lake nyuma ya baisikeli, kapata pancha Dunga, mpira hakuna, jua hilo linapanda. Hapo tena useme: Mheshimiwa Spika, samaki hawangoji ushuru."

Akairudia mpaka nazi ikaisha. Nilipomwona anaisema kichwa juu, bila kuinama, machozi yalinitoka. Sikuwa na haja nyingine duniani ila moja. Nikae ndani ya Bunge lile siku anasema, watu wageuke wanitazame, waambizane kwamba yule ndiye mkewe, yule ndiye aliyemtengeneza.

Siku zile huvuki kwenda Bara bila ya kibali. Hamad akaomba chake na cha mkewe, Mwanakheri binti Usi, na vyote viwili vikatoka. Nikashona magauni. Nikaaga Kikwajuni nyumba kwa nyumba. Ndipo Maalim Borafya alipokuja na bakora yake, akakaa barazani kwangu, akanywa kahawa yangu, kisha akasema kwa upole wake ule:

"Mwanangu Hamad, mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, sharia inataka kura. Mie sisemi kwa ajili ya Tabia. Nasema kwa ajili ya dini yako."

Nani atambishia Maalim? Zikatafutwa komwe mbili za bao, moja ikapakwa chokaa. Yenye chokaa ikawa yangu, nyingine ya Tabia. Zikatiwa ndani ya kikapu kikafunikwa kitambaa, na Bi Duni, shangazi yake Hamad, akaingiza mkono. Aliuzungusha mule kama anayetafuta ufunguo uliopotea, kisha akatoa komwe ya Tabia. Nilisema siku ile na nasema tena, chokaa inaparuza vidole, na Bi Duni hajanipenda tangu nilipoletwa nyumba ile.

Tabia akanijia kichwa chini. "Nisamehe, dada. Si kwa kutaka kwangu."

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Ukapigwe na upepo wa Bara."

Ila meli ilikuwa keshokutwa, na kibali kingine kisingepatikana upesi vile. Kile kilichopo hakikuwa na picha, jina tu. Hamad akakohoa, akasema Tabia asafiri nacho hicho hicho.

"Kwa jina langu mie?"

"Jina tu, Mwanakheri. Litakwenda na litarudi."

Basi jina langu likapanda meli, na mwenyewe nikabaki forodhani na mwavuli. Walipokuwa huko sikulala. Kila nilipoketi kukuna nazi niliona Bunge, na ndani yake Tabia amekaa kwenye kiti changu, anasikiliza samaki wangu. Jirani mmoja aliniambia nimekonda. Nikamwambia nimefunga sunna.

Walirudi na Hamad anang'ara. Bunge zima lilipiga meza kwa maneno ya samaki, akasema, na Spika mwenyewe alitabasamu. Tabia alikuja kunisalimia na kanga mbili za zawadi. Akanieleza, kwa kucheka kidogo, kwamba wake za wabunge wote walikuwa wakimwita Mwanakheri, naye akiitika naam, mpaka mwisho akazoea. Kanga nilizipokea. Nikazitandika chini ya gunia la mkaa.

Mwaka wa sitini na saba kikaja kikao kingine ambacho mbunge angeweza kwenda na mkewe, na kura ikapigwa upya. Safari hii nilitaka kila komwe ifungwe ndani ya kitambaa, Bi Duni avunjike vidole asijue ipi ni ipi. Ikatoka yangu. Haki ikishinda wanasema haina kelele, lakini mimi nilipiga kigelegele kikasikika mpaka Mlandege.

Hamad hakupiga kigelegele. Alikaa akijikuna kisogo.

"Kuna jambo, Mwanakheri. Kule bandarini wananijua na mke wangu wanamjua. Wake za wenzangu wanamjua. Kwao Mwanakheri ni yule. Wakigundua kwamba nilivuka na mtu kwa kibali cha mtu mwengine, ubunge ushakwisha, na mie mwenyewe huenda nshakwisha."

Hakuwa anatia chumvi. Siku zile mtu aliwekwa ndani kwa dogo kuliko hilo.

"Kwa hivyo ushafanya nini?"

"Nshakuombea kibali kwa jina la Tabia."

Nilimtukana mpaka nikakosa pumzi. Ningeweza kukataa, na mwenye akili angekataa. Lakini nilikuwa nimeingojea safari ile tangu siku ya kifuu, na nikaona heri niwe Tabia ndani ya Bunge kuliko kuwa Mwanakheri jikoni. Nikapanda meli.

Bungeni nilikaa juu, penye viti vya wageni. Hamad aliposimama, midomo yangu ilikwenda pamoja na yake, neno kwa neno. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nikajiambia, ngoja, wanawake wenyewe ndio wenye habari, nikikutana nao watajua tu huyu ni mtu wa namna gani.

Jioni yake tukaalikwa, sisi wake, nyumbani kwa Mama Perpetua, mke wa mbunge mmoja wa Songea. Alikuwa mwanamke mkubwa wa kifua, anafuma sweta huku anazungumza, na wenzake wote walimsikiliza yeye. Nilipotoa salamu alinitazama kuanzia miguuni.

"Ahaa. Kumbe wewe ndiye Tabia. Haya, karibu."

Karibu ile ilikuwa ya baridi. Wengine walinipa ncha za vidole. Nikaonyeshwa kiti cha karibu na mlango, nikapewa chai bila ya kuulizwa kama sukari imetosha. Kisha wakaanza.

"Mwanakheri hajambo?"

"Mwanakheri wetu kwa nini hakuja?"

"Jamani, yule dada ni mpole! Alinifundisha kupika mkate wa kumimina."

"Mimi nilipofiwa na mama alikaa na mimi kutwa, na wala hakunijua vizuri."

Nilikaa pale na kikombe changu nikisikia jina langu linasifiwa kama sijapata kusikia kwetu tangu nizaliwe, na hakuna sifa hata moja iliyokuwa yangu. Mkate wa kumimina, kwa kweli, mimi ungali unanishinda. Nilitamani kumwaga ile chai juu ya zulia.

Mama Perpetua akaweka sweta mapajani. "Sikiliza, mwenzangu. Mimi sifichi kitu moyoni. Mwanakheri alilia hapa kwa ajili yako, kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

"Kwa ajili yangu mie? Nilimfanya nini?"

"Alisema mume si wake, ni wa mwenzake. Kwake anakuja amechoka, anakula, analala, kama mtu aliyepanga chumba. Mazungumzo yote anayamaliza kwako. Yale maneno ya samaki alikuja kuyasikia Bungeni, pamoja na sisi wageni. Nyumbani hakuambiwa hata moja. Akatuambia, najua yametoka wapi, mwenzangu ndiye anayemtia maneno kinywani, mimi nimeachiwa kufua kanzu zake."

Nitasema kweli ilivyokuwa, sitajipamba. Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote ile mimi naona kitanda cha Bububu, kumbe yeye anaona jiko langu! Kumbe ananionea wivu, na analia, na anakosa raha safarini kwa ajili yangu. Nilitaka kucheka mbele yao.

Halafu nikawatazama nyuso zao, na kicheko kikakauka. Alilia, na kwa kilio kile wakampenda. Mimi sijapata kulia mbele ya watu. Mimi hupiga kelele, na mpiga kelele hana wa kumhurumia. Hata huzuni yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikamwonea wivu na machozi yake pia.

"Basi ni kweli?" akauliza Mama Perpetua. "Maneno ya samaki ni yako? Wewe ndiye unayemtungia mheshimiwa?"

Vikombe vikatuliwa. Swali lile nililiota usiku mwingi, na katika ndoto zangu nilikuwa nikilijibu huku nimeinamisha macho kidogo, kwa adabu. Sasa limekuja, na sikuwa na mdomo wa kulijibia. Nikisema ndiyo, sifa imekwenda kwa Tabia, watakaa miaka wakisema Tabia ndiye aliyemtengeneza mbunge. Nikisema Mwanakheri ni mimi, kesho Hamad anaulizwa maswali na watu wasiotabasamu. Nikaona kama sifa ni lazima iondoke mikononi mwangu, basi angalau iende kwenye jina langu.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya Mwanakheri. Maneno yote anayoyasema mume wetu ni ya Mwanakheri. Mie sijui kitu."

Mama Perpetua akapiga makofi hata sindano ikaanguka.

"Mnaona? Mnaona? Katunga mwenyewe, na sifa akampa mwenzake! Msichana yule ana moyo wa namna gani?" Mmoja wao alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mama Perpetua akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akanipigapiga goti. "Na wewe, Tabia, leo umesema kweli. Mungu atakusamehe."

Akaniongeza sukari kwenye chai.

Sikumwambia Hamad hata moja ya hayo. Tulirudi Unguja, nikavua buibui, nikakaa mwezi mzima nikifanya kazi zangu na kinywa kimefungwa. Kisha ikatangazwa kwamba Bunge litakutana tena, wabunge peke yao safari hii. Siku ya zamu yangu Hamad akaja jikoni, akasimama pale mlangoni kama kawaida yake, kofia mkononi. Alitaka kusema juu ya meli za kwenda Dar es Salaam, zinavyochelewa na watu na bidhaa zinavyolala bandarini.

"Mheshimiwa Spika," akaanza.

Nikaendelea kukuna nazi.

"Mwanakheri. Nnasema na wewe."

"Spika kafunga Bunge."

"Ala! Nimekukosea nini?"

"Nenda Bububu kwa mkeo mpole. Kila mtu anamsifu, basi na akufundishe kusema."

Akadhani nafanya mzaha. Alipoona sigeuki, akavaa kofia akatoka. Mimi nilikuwa na hakika zangu. Nilijua atafika Dar es Salaam, atasimama, atainama kama alivyokuwa akiinama Mlandege, na maneno yatamganda. Akirudi atakuja kunipigia magoti kwenye maganda ya nazi, na hapo Tabia na Mama Perpetua na Bi Duni na ulimwengu wote watajua nani ni nani. Zamu zangu zilizobaki alikuja akala, akalala. Hakutaja Bunge tena. Nami kwa kiburi sikuuliza.

Siku alipotazamiwa kusema, majirani walijaa chumbani kwangu, kwa kuwa redio nzuri ya mtaa ilikuwa ni yangu. Bi Duni alikaa kitandani, miguu juu. Nilijibanza penye dirisha nikingoja aibu ya mume wangu, Mungu anisitiri, niliingoja kwa hamu. Taarifa ya habari ikataja Bunge, kisha sauti yake ikatoka, haitetemeki hata kidogo.

"Mheshimiwa Spika, anayesafiri hajui urefu wa njia. Anayeujua ni anayengoja. Muulize mwanamke aliyepika, akaoga, akakaa mlangoni, na kila taa inayokuja barabarani anainuka, na kila taa inapita. Kwake yeye, Mheshimiwa Spika, meli iliyochelewa siku moja imechelewa mwaka."

Kukasikika meza zinapigwa. Mtangazaji akaenda kwenye habari nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama. Hamad hajapata kumngoja mtu maisha yake. Na mimi je? Mimi akichelewa nakwenda Mlandege mwenyewe, namshika mkono wa kanzu, namleta. Maneno yale hayakutoka jikoni kwangu. Yalitoka kwenye kibaraza cha Bububu, kwa mtu anayeitazama barabara siku ambazo si zake. Nilipofunga mdomo wangu nilidhani nimezima taa, kumbe nimempisha mwenzangu aseme. Niliyatafutia kosa maneno yale, kwa haki ya Mungu niliyatafutia, sikuliona. Yalikuwa mazuri kuliko samaki.

Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Mwanamke mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kanga yake. Kisha Bi Duni, yule yule wa komwe, akashusha miguu kitandani, akanijia na mikono miwili.

"Mwanakheri, mwanangu, nani mtaa huu asiyejua maneno yale yanatoka wapi? Mie nilikuwa sikusifu kwa jeuri zangu tu. Leo umetutoa sote kimasomaso. Hongera."

Wakainuka wote. Wakajipanga mpaka mlangoni kuja kunipa mkono.

Nikajifunga kanga yangu vizuri. "Ahsanteni," nikasema, nikaanza kuwapa mkono mmoja mmoja.